Siku 30 huanzia kwenye muhuri: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Ndugu Katibu Tawala wa Mkoa,
Ndugu Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, na Halmashauri za Wilaya za Ukerewe, Sengerema, Buchosa, Magu, Misungwi na Kwimba,
Waheshimiwa Madiwani,

YAH: MASIJALA ZIPOKEE MAOMBI YA TAARIFA, ZIYAGONGE MUHURI NA KUYAANDIKA DAFTARINI

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Inaitaka ofisi hiyo imjibu mapema iwezekanavyo, na isipitishe siku 30 tangu ombi lilipopokelewa. Neno la kushikilia hapo ni "lilipopokelewa". Barua iliyoachwa juu ya meza ya katibu muhtasi bila muhuri haijapokelewa. Haina siku ya kwanza, kwa hiyo haitakuwa na siku ya 30, na aliyeiandika hana mahali pa kusimama akitaka kulalamika.

Tunaanzia kwenye muhuri, jambo linaloonekana dogo, kwa sababu huko ndiko sheria hii hufia. Ni mara chache mwombaji kukataliwa kwa maandishi. Huambiwa aache barua "wataipitia", au afisa yuko semina, au arudi wiki ijayo. Baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka barua iliingia lini, na hata mkurugenzi mwenye nia njema hawezi kujua kwamba ofisi yake imevunja sheria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo hupotea hivyo hivyo.

Ngazi za kudai zilizomo katika sheria zote zinategemea tarehe. Asiyeridhika anaomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, ndani ya siku 30. Mkuu wa taasisi naye ana siku 30 za kuamua. Mwombaji akiona bado hajatendewa haki, hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. Hakuna tume ya kujitegemea katikati. Kenya wamelikabidhi jukumu hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, na Afrika Kusini wana msimamizi wake maalumu wa taarifa. Sisi hatuna, na hilo si lenu kulibadilisha. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa Kwimba aliyeomba hesabu za zahanati ya kijiji chake, akinyamaziwa na halmashauri, anatakiwa apeleke shauri lake hadi wizarani. Wengi huishia njiani. Kwa hiyo ofisi zenu, kwa hali ilivyo, ndizo mahakama ya kwanza na ya mwisho ya haki hii kwa watu wengi wa mkoa huu.

Kinachohitajika masijala hakidai bajeti mpya. Kaunta buku moja ya kwaya nne, muhuri wenye tarehe, na jina la afisa taarifa lililobandikwa mlangoni pamoja na namba ya simu ya ofisi. Daftari liwe na safu hizi: namba ya ombi, tarehe ya kupokelewa, jina na simu ya mwombaji, taarifa iliyoombwa kwa maneno yake mwenyewe, afisa aliyekabidhiwa, tarehe ya siku ya 30, tarehe ya jibu, na aina ya jibu, yaani imetolewa yote, imetolewa sehemu, imekataliwa, au haipo ofisini hapa. Safu ya siku ya 30 ijazwe pale pale barua inapopokelewa, isisubiri. Ombi lililoingia tarehe 3 Machi, siku yake ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Iandikwe kwa wino mwekundu. Mwombaji aondoke na nakala yake iliyogongwa muhuri na kuandikwa namba ya ombi. Akipiga simu, ataje namba hiyo asijibiwe "ombi gani hilo?"

Fomu za maombi zimeambatishwa kwenye Kanuni za sheria hii za mwaka 2017. Ziwekwe dirishani, bure. Si sawa mtu atoke Misungwi vijijini aambiwe akazitafute intaneti kafe. Na asiyejua kuandika asirudishwe: sheria inamtaka afisa amsaidie kuliweka ombi lake katika maandishi. Asomewe kilichoandikwa, kisha atie dole gumba.

Tunaomba mkomeshe pia utaratibu wa "kupitia". Mwananchi anaandika kwa mkurugenzi, anaambiwa barua ipite kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, kila mmoja aweke sahihi. Sheria inamtaka mwombaji apeleke ombi kwa mwenye taarifa. Haikuweka mlolongo wa sahihi za njiani. Mara nyingi taarifa inayoombwa inamhusu mtendaji yule yule anayetakiwa kuipitisha. Hilo ni kumpa mtu barua ya kumchunguza mwenyewe, kisha kusubiri aifikishe.

Hapa tunatofautisha mambo mawili, maana jiografia ya ziwa haituruhusu kusema kila mtu aje makao makuu. Ukerewe peke yake ni visiwa 38, na aliye Ukara au Irugwa akitaka kufika Nansio lazima apande chombo, na akikuta afisa hayupo alale. Mtendaji wa kata anaweza kupokea kwa niaba: anagonga muhuri siku hiyo hiyo, anampa mwombaji nakala, na anaituma barua halmashauri kwa chombo cha kwanza kinachoondoka, au anaipiga picha na kuituma kwa simu. Siku zihesabiwe kuanzia muhuri wa kata. Kazi yake hapo ni ya sanduku la posta. Hana mamlaka ya kuipima barua, kuihoji wala kuikalia.

Tatizo jingine ni maombi yenyewe, na upande huu wananchi nao wana sehemu yao. "Naomba taarifa za mradi wa shule yetu" ni ombi ambalo hata afisa mwaminifu atashindwa kulijibu. Aanze na lipi? Ombi linalojibika hutaja nyaraka, mahali na kipindi: mwaka wa fedha, yaani 1 Julai hadi 30 Juni, jina la shule, na karatasi zinazotakiwa. Lakini mtu atajuaje majina ya nyaraka ambazo hajawahi kuziona? Ndiyo maana sheria inawataka wenye taarifa wachapishe maelezo ya taarifa walizonazo na namna ya kuzipata. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, kwa Kiswahili chepesi, maombi yatakayofika masijala yatakuwa mafupi na ya wazi, na kazi ya maafisa wenu itapungua nusu.

Tuchukue ujenzi wa madarasa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani shule na jamii kusimamia ujenzi zenyewe kwa mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, kwa sababu ndiko fedha nyingi zinakopita vijijini. Utaratibu huu una kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Nyaraka za kuombwa ni barua ya kupokea fedha yenye kiasi na tarehe, mchanganuo wa gharama, ule ambao wengi huuita BOQ, mihtasari ya vikao vya kamati zote tatu, hati za malipo pamoja na risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, na leja ya stoo. Thamani ya nyaraka hizi iko katika kuzilinganisha. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa kati ya tofali 25 na 35 za inchi sita, kutegemea uwiano wa mchanga. Jengo lililotumia tofali 4,000 lilihitaji kati ya mifuko 115 na 160 kwa tofali pekee. Leja ikionyesha mifuko 300 imetoka stoo "kwa kufyatulia tofali", swali linajiuliza lenyewe. Huenda jibu lipo na ni halali: sehemu ilikwenda kwenye msingi au kwenye lenta, na mtunza stoo akaandika kwa mkato. Jibu hilo linatolewa kwa dakika tano mbele ya karatasi. Karatasi zikifungiwa kabatini, swali hilo hilo linageuka kuwa tuhuma inayozunguka kijiji mwaka mzima, na fundi, mwalimu na mwenyekiti wote wanachafuka.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi ni rahisi zaidi kuifuatilia, ila haibandikwi. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 huenda shuleni, sawa na shilingi 500 kwa mwezi. Shule yenye wanafunzi 900 inatarajia 450,000 kila mwezi. Zikiingia 390,000, tofauti ya 60,000 inaonyesha kwamba huenda takwimu zilizotumika ni za wanafunzi 780, labda za kabla ya uandikishaji wa Januari. Hiyo si lazima iwe wizi. Ni takwimu iliyochelewa, na dawa yake ni kuirekebisha. Lakini mzazi ambaye hajui hesabu hiyo humwangalia mwalimu mkuu kwa jicho baya. Karatasi moja mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, yenye idadi ya wanafunzi, kiasi kilichoingia na tarehe ya kuingia benki, inamlinda mwalimu kabla haijamlinda mtu mwingine yeyote.

Uganda, jirani zetu wa ziwa hili, walilipima jambo hili. Utafiti uliofuatilia ruzuku za shule za msingi kati ya 1991 na 1995 ulikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha hizo iliyozifikia shule. Serikali yao ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kilichopokelewa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo waliosema baadaye kwamba mageuzi mengine ya fedha ya wakati ule nayo yalichangia, na wana hoja. Hata hivyo, mgawanyo wa fedha ukiwa siri, hakuna mzazi wala mwalimu anayeweza kujua kwamba asilimia 87 imeishia njiani.

Sasa mialo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Ushuru wa samaki na dagaa ni mapato ya kila siku katika halmashauri zinazopakana na ziwa, na wanaoulipa wanataka kujua unakwenda wapi. Kwanza, viwango. Vimo kwenye sheria ndogo za halmashauri, lakini kuipata nakala ya sheria ndogo ni kazi. Mfanyabiashara wa dagaa anaujua ushuru wa gunia kwa mdomo wa mkusanyaji. Ubao wa viwango kwa aina ya samaki na kwa kipimo, gunia au kilo, pamoja na jina na tarehe ya sheria ndogo, usimame pale mzigo unaposhushwa. Pili, makusanyo. Mashine za POS, zile za mkononi za kukusanyia mapato, zina kumbukumbu ya kila risiti, hivyo jumla ya siku inajulikana jioni hiyo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza, mwaka baada ya mwaka, fedha zilizokusanywa kwa POS na zisipelekwe benki. Kwa hiyo namba za kubandika ni mbili, si moja: kilichokusanywa na kilichowekwa benki, kwa kila mwalo, kila wiki. Zikitofautiana, sababu iandikwe pembeni. Na siku ambazo mashine "imekufa" na risiti za mkono zikatumika zitajwe, kwa sababu siku hizo ndizo zenye mwanya. Tatu, pale ukusanyaji unapofanywa na wakala binafsi, mkataba wake usifanywe siri. Sheria ya 2016 inazihusu pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma.

Kwenye mikutano mikuu ya vijiji, inayotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi husomwa haraka na kwa jumla: tumepata kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, asanteni. Mara nyingi salio la kuanzia halisomwi, na pasipo hilo hesabu haina mkia wala kichwa. Agizeni isomwe hivi: salio la kuanzia, mapato kwa kila chanzo, matumizi kwa kila namba ya hati ya malipo, salio la mwisho, kisha taarifa ya benki ionyeshwe. Salio la mwisho la robo hii lazima liwe salio la kuanzia la robo ijayo. Bibi aliyeketi chini ya mwembe na kumbukumbu nzuri anaweza kulikagua hilo bila kikokotoo.

Huko Rajasthan, India, vuguvugu la Mazdoor Kisan Shakti Sangathan lilianza hivyo hivyo katika miaka ya 1990: wanakijiji waliomba orodha za malipo ya vibarua, wakazisoma kwa sauti hadharani, na watu wakasikia majina ya marehemu yakiwa yamelipwa ujira. Msukumo huo ulisaidia kuzaa sheria ya taarifa ya India ya 2005, ambayo haimruhusu afisa kumuuliza mwombaji sababu ya kuomba. Inamtoza afisa aliyechelewesha bila sababu rupia 250 kwa siku, hadi 25,000. Kwetu, swali la "unaitakia nini?" bado linaulizwa dirishani, tena kwa sauti. Likomesheni kwa waraka.

Tunajua pia hofu iliyopo upande wa watumishi, na hatuidharau. Sheria yetu ina adhabu ya kifungo kwa anayetoa taarifa zilizozuiwa: za usalama wa taifa, za upelelezi unaoendelea, za faragha ya mtu, za biashara halali na nyinginezo. Afisa wa ngazi ya chini akipima, anaona kutoa kuna hatari na kukaa kimya hakuna. Atakaa kimya. Humtoi kwenye ukimya huo kwa semina. Mtoeni kwa orodha iliyosainiwa na mkurugenzi, inayosema nyaraka hizi hutolewa bila kuulizwa: bajeti iliyopitishwa, taarifa za mapato na matumizi za kila robo, mihtasari ya baraza iliyothibitishwa, mikataba ya ujenzi na michanganuo yake, sheria ndogo, orodha ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu vilivyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri na kiasi cha kila kikundi, na dawa zilizopokelewa na kila zahanati kwa tarehe. Kwa karatasi hiyo, afisa anayetoa anatii agizo. Asiyetoa ndiye anayepaswa kujieleza.

Palipo na siri ya kweli, ifichwe siri, si jalada zima. Daftari la zahanati lina majina ya wagonjwa. Funikeni majina, toeni idadi ya vidonge vilivyoingia na vilivyotoka. Na kila mnapokataa, andikeni kifungu mlichokitumia. "Haiwezekani" si sababu ya kisheria.

Tumebakiza jambo zito. Kisumu nchini Kenya na Jinja nchini Uganda, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Hapa ni 30. Lakini Kenya imeongeza jambo ambalo India pia wanalo: taarifa inayogusa uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Sheria yetu haina kifungu cha namna hiyo. Hata hivyo inasema mapema iwezekanavyo, na siku 30 ni mwisho, si lengo. Hakuna kinachomzuia mkuu wa mkoa au mkurugenzi kuweka saa 48 kwa agizo la ndani, kesho asubuhi.

Ziwa hili linatudai hilo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Idadi ya abiria kivuko kinachoruhusiwa kubeba, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kasoro zilizoonekana na kama zimerekebishwa, idadi ya maboya ya kujiokolea: hizi si taarifa za kuandikiwa barua. Ziandikwe kwa herufi za kusomeka kutoka kwenye foleni, kando ya dirisha la tiketi, katika kila gati la vivuko na kila mwalo ambako mitumbwi ya abiria inapakia. Idadi ya tiketi zilizokatwa kwa safari hiyo iandikwe ubaoni kabla kamba haijafunguliwa. Abiria akiona tiketi zimezidi idadi inayoruhusiwa, atashuka. Vivyo hivyo majibu ya vipimo vya maji kwenye kambi za wavuvi pale kipindupindu kinapozuka: majibu ya baada ya siku 30 hayamsaidii aliyekwisha kunywa.

Waheshimiwa Madiwani, sehemu kubwa ya haya haihitaji kibali cha Dodoma. Inahitaji azimio la baraza katika kikao cha robo mwaka. Liingizeni kwenye ajenda, na kila robo mkurugenzi awasomee namba nne kutoka kwenye daftari la masijala: maombi yaliyopokelewa, yaliyojibiwa ndani ya siku 30, yaliyokataliwa na kwa kifungu kipi, na yaliyopitiliza. Halmashauri itakayosoma "sifuri" katika namba ya kwanza isipongezwe. Sifuri maana yake kwa kawaida ni kwamba watu hawajui dirisha liko wapi, au wamechoka kuliendea.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila halmashauri, lenye jina la afisa taarifa wake na mahali anapokaa. Barua hii tunaileta pia kwa mkono katika masijala zote nane pamoja na ile ya Mkoa, nakala mbili kila ofisi. Moja ni yenu. Ya pili tunaomba mturudishie ikiwa na muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wananchi wa Mkoa wa Mwanza tunaofuatilia matumizi ya fedha za umma